Orpington, Kuku wa Malawi na Kuchi Wetu: Nani Ataandika Sifa za Kuku?



Mwezi uliopita kijana wa ndugu yangu alinipigia simu kutoka Unguja. Tukamaliza mashikamoo na kuulizana hali za nyumbani, kisha akaniletea picha ya jogoo. Shingo ndefu, miguu mirefu, kifua kimesimama, upanga mdogo umelala juu ya kichwa kama njugu. "Ami, mwenye kuku anataka laki tatu. Anasema huyu ni kuchi wa asili, hakuchanganyika. Nimpe?"

Nikaitazama ile picha mara mbili tatu, nikashindwa kumjibu. Mimi ambaye babu yangu alifuga kuchi shamba, Bumbwini, nikawa nawarushia chicha za nazi kila asubuhi. Mimi ambaye nimefuga kuku huku Uingereza zaidi ya miaka ishirini. Si kwamba simjui kuchi. Nikimuona namjua. Lakini kumjua ukimuona ni kitu kimoja, na kuweza kumwambia mwenzako kwa nini huyu ndiye na yule siye ni kitu chengine kabisa. Angeniuliza habari za Orpington, au Dorking, au Sussex, ningefungua kitabu nikamsomea: upanga uwe hivi, mgongo uwe hivi, rangi ya mguu iwe hii, na akiwa na kasoro hii hafai kuzalishwa. Kwa kuchi hakuna kitabu. Kuna maneno ya muuzaji tu.

Basi nimeona niandike kidogo juu ya jambo hili, maana nasikia nyumbani kuna vijana wanataka kukaa chini waandike sifa za kuchi ili asipotee. Fikra nzuri sana. Lakini wenzetu huku wamekwisha kuifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, na historia yao ina mafunzo mawili yanayopingana. Nawaombeni mnivumilie, nitaanza mbali kidogo.

Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kupiganisha majogoo. Mchezo huo ulikuwa na wenyewe, matajiri kwa maskini, na walikuwa na majogoo waliochaguliwa kwa vizazi na vizazi. Sheria ilipopita, wafugaji wengine waliendelea kwa siri, lakini wengine wakageukia ushindani wa namna nyengine: nani ana jogoo mzuri zaidi wa kutazama. Mwaka 1845 yakafanyika maonyesho ya kuku katika bustani ya wanyama ya London, na hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa maonyesho makubwa ya kwanza ya aina yake. Liwekeni jambo hili akilini, nitalirudia: kuku akinyang'anywa kazi yake, watu humpa urembo uwe ndiyo kazi.

Miaka hiyohiyo meli zilikuwa zinaleta kuku wakubwa kutoka Asia. Malkia Victoria mwenyewe alipata kuku walioitwa Cochin China, wenye miili mikubwa na manyoya mpaka miguuni, akawajengea nyumba Windsor. Watu wakapagawa. Kila mtu akataka kuku wa Malkia. Marekani nako, Novemba 1849, Boston walifanya maonyesho yaliyokusanya kuku zaidi ya 1,400, na watu wakamiminika kwa maelfu. Wazungu wenyewe waliyaita mambo yale homa ya kuku, na ilikuwa homa kweli. Bwana mmoja wa Boston, George Burnham, alimpelekea Malkia Victoria zawadi ya kuku mwaka 1852, zawadi ikaandikwa magazetini, naye akauza kuku wake kwa bei za ajabu. Mwaka 1855 homa ilipokwisha akaandika kitabu kizima cha kuichekesha homa hiyo na watu walioingia ndani yake, akiwa yeye mwenyewe mmoja wa walionufaika. Kuku mmoja alikuwa na majina matano, kila muuzaji na jina lake, na mnunuzi hana pa kushika.

Sasa nambieni, hali hiyo si ndiyo aliyonayo kijana wangu na laki tatu zake?

Dawa waliyoitafuta ilikuwa kuandika. Mwaka 1865 kikatoka Uingereza kitabu cha kwanza cha viwango vya kuku wa maonyesho, kimehaririwa na William Tegetmeier, ambaye ndiye huyohuyo aliyemsaidia Charles Darwin kwa habari za kuku na njiwa. Mwaka 1873 Wamarekani wakaunda chama chao cha kuku mjini Buffalo, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu chao. Mwaka 1877 Waingereza wakaunda Poultry Club, ambayo mpaka leo ndiyo inayotunza viwango vyao.

Kiwango maana yake nini khasa? Ni maelezo yaliyoandikwa na kukubaliwa na wafugaji wa aina moja: umbo, uzito wa jogoo na wa koo, upanga wa namna gani na una meno mangapi, rangi ya jicho, ya mguu na ya ngozi, vidole vinne au vitano. Kisha kila kiungo kinapewa alama, jumla mia moja. Na mwisho zinatajwa kasoro zinazomtoa kuku moja kwa moja. Faida yake ni kubwa. Mtu aliye Scotland na mtu aliye Cornwall, hawajaonana, wanaweza kufuga kuku mmoja. Na aina ikipungua ikabaki kwa watu watatu, kile kitabu kinakuwa kumbukumbu ya ilivyokuwa.

Lakini kiwango kina madhara yake. Kuna kuku wa Kihispania mweusi mwenye uso mweupe. Zamani alisifika sana Uingereza kwa mayai yake makubwa meupe. Waamuzi wakaupenda ule uso mweupe, basi wafugaji wakachagua uso, mwaka baada ya mwaka, mpaka ngozi nyeupe ikawa inaning'inia kama kitambaa. Wakati wanachagua uso, hakuna aliyekuwa anachagua uzima. Vifaranga wakawa dhaifu, ufugaji wake ukawa mgumu, na kuku aliyekuwa kila mahali akawa adimu. Hakuuliwa na maradhi ya nje. Aliuliwa na zawadi.

Sasa nije kwa Orpington, maana ndiye niliyemfuga mwenyewe, na kisa chake kinatuhusu kuliko mnavyodhani.

Orpington ni mji, ulikuwa Kent, siku hizi umo ndani ya London Kubwa, treni zinasimama pale kila siku. Huko aliishi William Cook, aliyekuwa kuchero wa magari ya farasi kabla hajawa bingwa wa kuku. Mwaka 1886 alitoa kuku mweusi aliyemtengeneza kwa kuchanganya Minorca, Plymouth Rock na Langshan. Lengo lake lilikuwa la watu wa kawaida: kuku anayetaga vizuri hata wakati wa baridi, na akichinjwa ana nyama. Mweusi, kwa sababu moshi na masizi ya London yalikuwa yanawachafua kuku weupe. Manyoya yake yalikuwa yamebana mwili. Kuku wa kazi, bwana, si wa kutazamwa.

Haikupita miaka mitano. Mwaka 1891 mfugaji mwengine, Joseph Partington, akaleta kwenye maonyesho Orpington weusi wakubwa zaidi, waliotiwa damu ya Langshan na Cochin, manyoya mengi, wamejaa kama mito ya kulalia. Waamuzi wakawapenda. Kuanzia hapo Orpington wa maonyesho akafuata njia hiyo: manyoya yakazidi, mayai yakapungua. Cook alifariki mwaka 1904, na jina la kuku wake lilikuwa limekwisha kushikwa na kuku mwengine.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na ujinga wangu. Nilipopata kipande cha ardhi cha kukodi kutoka baraza la mji, nikanunua jogoo mmoja na matetea wawili kutoka kwa mfugaji mwenye sifa kubwa. Mwaka wa pili kijana wa yule jogoo akanipatia kadi nyekundu. Msicheke, huku kwenye kuku kadi nyekundu ndiyo zawadi ya kwanza, siyo ya kutolewa uwanjani! Nikalewa. Nikasema huyu ndiye, sitaki mwengine. Nikampandishia dada zake, kisha mabinti zake, kisha wajukuu wake. Miaka minne hivyo. Kadi zikaja, kweli. Lakini mwaka wa nne nikaweka mayai 30 kwenye mashine, wakatoka vifaranga 11, na wawili wana vidole vilivyopinda. Majogoo walikuwa hawawezi hata kupanda sawasawa kwa wingi wa manyoya, inabidi uyakate kwa mkasi. Matetea wanataga mayai mawili kwa wiki wakipenda. Mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na kiploti karibu na changu akaja akawatazama, akanyamaza, kisha akaniambia, "Miaka minne umeifuga ile kadi, hukumfuga kuku." Maneno yaliniuma. Yalikuwa kweli.

Nilichinja wengi mwaka ule, na nikaanza upya.

Sasa hebu turudi nyuma tumfuate yule Orpington wa Cook kwa njia yake nyengine. Tangu miaka ya 1890 Orpington weusi walikuwa wanapelekwa Australia. Wafugaji wa kule hawakujali sana manyoya. Walikuwa na mashindano ya kutaga: kuku wanawekwa pamoja mwaka mzima, mayai yanahesabiwa moja moja, na anayeshinda ni mwenye hesabu, si mwenye sura. Wakachagua kwa hesabu. Katika mwaka wa mashindano wa 1922 mpaka 1923, kundi la kuku sita lilitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani wastani wa mayai 309 na nusu kwa kila kuku. Huko ndiko alikotoka kuku aliyepewa jina la Australorp, yaani Orpington wa Australia, na Wamarekani wakamtia kwenye kitabu chao mwaka 1929. Ana kiwango chake, na kiwango hicho kimeandikwa kwa kumtazama kuku anayetaga.

Na huyo Australorp mweusi, ndugu zangu, mnamjua. Serikali ya Malawi kwa miongo mingi imekuwa ikizalisha vifaranga wake katika kituo cha Mikolongwe na kuwasambaza kwa wakulima. Kutoka huko akapanda mpaka kwetu, na Watanzania hawakuhangaika na jina la Australia wala la Kent. Wanamwita kuku wa Malawi. Mara ya kwanza nilipomuona Dar es Salaam, mweusi tii, manyoya yana mng'ao wa kijani kwenye jua, yamebana mwili, nilisimama barabarani kama niliyeona jamaa aliyepotea. Huyu ndiye kuku wa Cook! Nimemtafuta Kent kwa mwendo wa nusu saa kutoka kwenye kituo cha treni chenye jina lake sikumpata, nikamkuta Mbagala anachakura takataka.

Kuku mmoja, njia mbili. Waliomchagua kwa jicho tu wamebaki na mto wa manyoya. Waliomchagua kwa kazi wamebaki na kuku, na akaenda dunia nzima.

Mtu anaweza kusema basi viwango havina maana, tuachane navyo, kila mtu afuge kwa kazi. La, msikimbilie huko. Kuna kisa cha pili, na hiki ndicho kinachonitia hofu juu ya kuchi. Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, walikuwa na kuku wao wa rangi ya hudhurungi hafifu, mwenye vidole vitano, nyama yake inauzwa London kwa wingi. Wakulima walimfuga kwa kazi, wanamjua wakimuona, hawakuona haja ya kuandika. Mwaka 1894 Cook akatoa Orpington wake wa rangi hiyohiyo. Watu wa Lincolnshire wakapiga kelele kwamba huyu ni kuku wetu amebadilishwa jina! Ugomvi ulikuwa mkali magazetini. Lakini Orpington alikuwa na jina, chama na kitabu, na wao walikuwa na maneno tu. Wanunuzi wakaenda kwenye jina. Kufikia miaka ya 1920 kuku wa Lincolnshire alikuwa ametoweka. Katika miaka ya 1980 watu wakaanza kumtengeneza upya kwa kuchanganya aina nyengine, chama kikaundwa 1995, na kiwango chake kikakubaliwa 1997, zaidi ya miaka sabini baada ya kuku mwenyewe kwisha. Aliyepo leo ni mzuri, lakini ni wa kutengenezwa. Yule wa asili hakuna wa kumrudisha.

Kwa hivyo mnaona ugumu ulipo. Ukiandika vibaya, kitabu kinamla kuku. Usipoandika, soko linamla.

Na soko lenyewe limebadilika sana. Wapo waliomtengeneza kuku wa tatu, asiyehitaji mfugaji kabisa. Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, walichanganya Asil wa Bara Hindi, Malay na majogoo wa kupigana wa Kiingereza, wakitaka jogoo wa kupigana. Wakapata kuku mpana wa kifua, mzito, asiyefaa kupigana lakini ana nyama kuliko wote. Wamarekani wanamwita Cornish. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya maduka ya A&P ilidhamini shindano la Marekani nzima la kumtafuta Kuku wa Kesho. Fainali ya 1948 ilifanyika Delaware, akashinda Charles Vantress wa California kwa kuku aliyechanganywa na huyo Cornish, na akashinda tena 1951 Arkansas. Kuku wa nyama wa leo, anayekuwa tayari kwa wiki sita hivi, wazee wake wametoka kwenye kazi ile. Wazazi wake wamo mikononi mwa makampuni machache ya dunia, na mkulima hawezi kuzalisha wa kwake kutokana naye akapata kuku aleyule. Kila msimu anarudi dukani.

Aina za zamani zikaanza kuanguka moja baada ya moja. Ndipo Waingereza wakaunda mfuko wa kuhifadhi mifugo adimu mwaka 1973, na Wamarekani chama chao mwaka 1977. Mwaka 2009 Wamarekani hao wakatoa maelezo ya nani aitwe kuku wa urithi. Wakasema: awe wa aina iliyotambuliwa kabla ya katikati ya karne ya ishirini na afuate kiwango chake, azaliane mwenyewe bila ya kusaidiwa, aweze kuishi maisha marefu nje akizalisha, na akue polepole, asifikie uzito wa sokoni kabla ya wiki 16. Tazameni vizuri. Katika masharti manne, moja tu ni la sura. Matatu yaliyobaki ni ya maisha ya kuku. Wamechukua miaka mia na zaidi kujifunza hilo.

Na sasa kuchi. Wenyewe mnajua kwamba majina ya kuku wetu yanabeba historia. Kuku asiye na mkia tunamwita Bukini, na Bukini ni Madagascar. Kuchi naye hana sura ya kuku wa kawaida wa Afrika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemsoma pamoja na kuku wengine wa kienyeji kama Ching'wekwe na Singamagazi, na vipimo vya vinasaba vya upande wa mama vimemkuta ana undugu na kuku wa kupigana wa Asia ya mashariki, mpaka shamo wa Japani. Yaani mababu zake walipanda chombo. Yuko Unguja, Pemba, Lamu, na amekwenda bara mpaka Mwanza. Na kwa vile Malay na Asil nao ni kuku wa jamii hiyohiyo ya Asia, wa shingo ndefu na kifua cha mbele, kuku wa nyama anayeuzwa kwenye vibanda vya chipsi Darajani ana damu ya jamaa wa mbali wa kuchi wa babu yangu. Mmoja aliandikwa na kuuzwa dunia nzima, na mwengine hana hata mstari mmoja.

Hatari yake ya leo haitoki mbali. Kuchi ana bei, na penye bei pana werevu. Jogoo wa kuchi anapandishwa kwa tetea wa Sasso au Kuroiler, wanatoka machotara wakubwa wenye miguu mirefu, wanauzwa kwa jina la kuchi wa asili. Chotara si dhambi, mtu anayetaka nyama ya haraka afuge chotara na amwite chotara. Dhambi ni jina. Baada ya vizazi vitatu vya jina la uongo hakuna atakayejua kuchi alikuwaje.

Kwa hivyo kwa vijana wanaotaka kuandika, mimi nina machache ya kuwaomba, na yote nimeyalipia kwa kuku wangu mwenyewe.

Kwanza, msianze na kalamu. Anzeni na futi, mizani na picha. Nendeni Pemba, Lamu, Mwanza, mkawaulize wazee kuchi wa kwao akoje. Huenda mkakuta si kuchi mmoja bali wawili au watatu, na mkiandika haraka mtamfuta mmoja kwa ajili ya mwengine. Watu wa Lamu wasije wakaamka wakaambiwa kuku wao ana kasoro kwa sababu waandishi walikuwa wa Dar.

Pili, alama nyingi ziwe za mwili na uzima, chache ziwe za rangi. Mnamo 2005 Wamarekani walianza kumuinua kuku wao anayeitwa Buckeye, aliyetengenezwa na mama mmoja wa Ohio, Nettie Metcalf, na kutambuliwa mwaka 1904. Kabla ya kutazama sura waliwapima vijana wa kuku uzito, upana wa kichwa, mzunguko wa kifua na ubapa wa mgongo. Baada ya vizazi vichache tu kuku walikuwa wazito zaidi na wanakua mapema zaidi, na bado ni Buckeye. Koo nao wapimwe. Walter Hogan alieleza katika kitabu chake cha 1913 namna ya kumkamata koo na kupima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya mifupa ya nyonga, kwa sababu anayetaga nafasi yake ni pana. Haitaki mashine, inataka mkono.

Tatu, na hili ndilo lililoniumiza, msimtegemee jogoo mmoja hata akiwa bingwa wa visiwa vyote. Mimi siku hizi nina makundi matatu. Matetea wanabaki kwenye kundi la mama yao. Jogoo kijana aliyechaguliwa kundi la kwanza anakwenda la pili, wa la pili anakwenda la tatu, wa la tatu anarudi la kwanza. Hakuna jogoo anayepanda dada yake. Vifaranga wanavishwa pete miguuni wakiwa wadogo, na daftari linaandikwa jioni ileile, si kesho. Kwa mtu mmoja wa Unguja makundi matatu ni mzigo, lakini majirani watatu wakikubaliana kubadilishana majogoo kila mwaka kazi imekwisha, kila mmoja na banda lake.

Nne, asiyefaa aende sufuriani. Hili wenzetu wengi hawalipendi, wanasema haramu kumchinja jogoo mzuri. Lakini kuku mwenye kasoro ukimuuza kwa mwengine kwa jina la kuchi, umemuuzia kasoro na jina. Na chanjo ya mdondo isisahauliwe. Mdondo ukipita kijijini hauchagui alama.

Tano, kuchi apewe kazi. Waingereza walipoyakataza mapigano hawakufikiri jogoo atafanya nini, matokeo wakampa urembo. Sisi hatutaki kuchi apiganishwe, ni ukatili na mimi siutetei. Basi aandikiwe kazi nyengine tangu mwanzo: nyama yenye ladha anayojua kila aliyekula mchuzi wa kuchi, na koo anayeatamia na kulea vifaranga wake mwenyewe. Kazi hiyo iwekwe ndani ya kiwango, ipewe alama. Ikiachwa nje, baada ya miaka hamsini tutakuwa na kuchi wa shingo ndefu kama twiga asiyeweza kuangua yai.

Nilimpigia simu yule kijana baada ya siku mbili. Nikamwambia, mwanangu, usitoe laki tatu kwa jogoo. Nenda nyumbani kwa yule bwana, muombe umuone mama yake yule jogoo, na dada zake, na baba yake kama yupo. Ukiwaona wote wanafanana naye, na koo ana vifaranga nyuma yake aliowaangua mwenyewe, mtoe bei mnunue jogoo na matetea wawili wa kundi jengine. Kama hana wa kukuonyesha, mkishikana mikono muage, urudi zako.

Akanambia, "Ami, nilikwenda. Mama yake hakuwepo. Alikuwepo Sasso."

Basi ndugu zangu, wenye babu au bibi aliyefuga kuchi, popote mlipo, Muscat, Dubai, London au Toronto, andikeni mnachokikumbuka: rangi, miguu, upanga, koo alitaga mayai mangapi kabla ya kuatamia. Wanaomkumbuka kuchi kabla ya machotara wanapungua kila mwaka, nami mmoja wao. Nimekwisha kuanza na wa babu yangu. Alikuwa mwekundu wa shingo, kifua cheusi, miguu ya manjano, na hakuwahi kumpa mgongo mtu aliyeingia uani.